Kokwa la Kumi na Nne

Mashua zilikuwa mbili, makasia manne, viti vya mbao vitatu, njia za kutembea tano, na mamba watatu. Nikahesabu mara ya pili, mamba wakawa wanne. Siku hiyo sikupanda mashua.

Hiyo ndiyo Bustani ya Ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini Garissa, ukiufuata Mto Tana kuelekea chini. Ziwa lenyewe ni kona iliyoachwa na mto ulipobadili njia. Maji yalibaki pale yamejikunja kama kwato, na msitu ukayazunguka: mikuyu, migunga, na ile mikoma, jamii ya minazi, ambayo mashina yake hugawanyika mara mbili, kisha kila tawi mara mbili tena. Mti wa watu wanaopenda hesabu. Wakubwa wa Kizungu walikata njia humo ili Jumapili watembee na wake zao, wapige makasia kidogo na kujisahaulisha joto. Uhuru ulipokuja waliondoka na viti vyao vya turubai. Wakaacha mashua, mamba, na Mtunza Ziwa.

Jina lake nililijua, lakini hakupenda liitwe. "Jina ni la nyumbani," alisema. "Hapa niko kazini." Na miaka yote niliyomjua alikuwa kazini, hata akila.

Mimi nilikuwa nauza vyombo: sufuria, mabakuli, vikombe vya bati. Nilitoka Ukambani kwa lori la mjomba wangu, nikafungua kibanda karibu na soko la mifugo. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mtu huhesabu kile anachokitaka. Nilikwenda ziwani kumuuzia yule mzee kikombe, maana niliambiwa anakunywa chai kwa kopo. Alikipokea, akakijaza maji hadi ukingoni, akakiweka juu ya ukuta wa langoni. "Njoo jioni," akasema. "Kisipovuja tutazungumza." Nimepatana bei na wafugaji wa ng'ombe, na wale, ukiwatajia bei, hukutazama kama umewatajia ugonjwa. Lakini sijawahi kukutana na mtu anayeweza kunyamaza kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Sikuondoka, nikamngoja pale pale; kufikia jioni nilikuwa tayari kumpa kikombe na mfuniko wa sufuria juu yake.

Toka siku hiyo aliniita Bwana Sufuria, nami nikawa nakwenda huko kila nilipopata nafasi. Sijui nilifuata nini. Labda nilitaka kujua anashindaje na ukimya ule wote.

Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, na alivaa buti za mpira katika mji ambao mvua huja kama mgeni asiyependwa na mwenye nyumba. Alizaliwa kando ya ziwa kubwa la magharibi. Baba yake alikuwa mvuvi, na kaka zake wote. Yeye aliogopa maji. Nasema aliogopa, si kwamba hakuyapenda. Alizipaka mashua rangi nyeupe kila baada ya miezi sita, akaziba nyufa kwa lami, akawafundisha walimu na makarani wa bara kushika kasia, lakini yote hayo aliyafanya akiwa amesimama nchi kavu. Mguu wake haukupita pale matope yanapoanza kung'aa.

Na watu je, aliwapenda? Nilimuuliza.

"Wakiwa wengi wananichosha."

"Na wakiwa wachache?"

"Hao ndio hasa. Inabidi niwasikilize."

Lakini mtu huyo huyo hakuweza kula chakula cha mchana kabla mgeni wa kwanza hajafika. Alikaa na kopo lake la ugali amelifunika, anatazama njia. Siku ambazo hakuja mtu alikula saa kumi, kimefanya ukoko, na akakila akiwa ameligeuzia lango mgongo.

Kila asubuhi alipiga reki njia zote tano, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma orodha. Mchanga ukabaki na mistari, safi kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ukipita, nyayo zako zilibaki hapo, naye akazisoma: huyu viatu vimembana, huyu alisimama hapa akitazama kima, hawa wawili walianza pamoja wakamaliza mmoja mbele mmoja nyuma, basi wamegombana. Jioni alizifuta zote. Baadaye, vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vilipozidi, afisa mmoja wa usalama alikuja kumsifu kwa kazi hiyo. Akamwambia aache nyayo kama zilivyo hadi wao waje kuzitazama.

"Zile ni za wageni," mzee alijibu.

"Wageni gani wakati huu?"

"Hata mimi nawangoja."

Aliendelea kuzifuta.

Sasa nifikie makokwa, kwa maana bila makokwa mtu huyu hana habari. Tunda la mkoma ukilitafuna nyama yake, linabaki kokwa gumu la kutosha kuvunjia dirisha. Mzee alichukua makokwa thelathini, akayatoboa, akayafunga kamba, akaandika namba kwa rangi ile nyeupe ya mashua. Langoni palikuwa na ubao wenye misumari thelathini. Ukiingia unapewa kokwa. Ukitoka unalirudisha, analiangika. Lango halifungwi mpaka misumari yote imejaa. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe. Alilivaa shingoni asubuhi na kuliangika jioni, akiwa wa mwisho kutoka.

Hakuna aliyesamehewa. Mkubwa mmoja mpya wa ofisini alikuja na suti, akakataa.

"Mimi ndiye mwenye bustani hii," akasema.

"Ndiyo, mkubwa. Na ukipotea, nimwendee nani kumwambia?"

Mkubwa aliwaza kidogo. Alivaa namba tisa juu ya tai, na nilimwona kwa macho yangu anakwenda ziwani nalo linamgonga kifuani.

Ubao ule ndio ulionionyesha vita kuliko redio. Jumapili moja, ukiacha wa mzee, misumari kumi na mmoja ilikuwa mitupu, maana yake watu kumi na mmoja wako ndani wanatembea. Jumapili nyingine mitano. Walimu waliacha kuja kwa sababu ya barabara. Makarani waliacha kwa sababu walimu wameacha. Watu wa mjini, ambao mtu wa bara akifika humuuliza "umetoka Kenya lini?" kana kwamba wao wako nchi nyingine, nao waliacha, kwa sababu ukionekana unaingia msituni ulikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Kafyu ikaja. Vibali vikaja. Ikafika mahali, ukiacha lake mwenyewe, kokwa lililotoka ubaoni ni moja tu, la kumi na nne, na aliyelichukua ni Mama wa Mikeka.

Huyo alikuwa mama wa Kisomali, mfupi, mwenye ulimi, na katika Kiswahili chake p ilikuwa b na v ilikuwa f. Alikata makuti ya mkoma ili kusuka mikeka ya kufunikia nyumba zao za kuhama. Zamani aliingia na binti zake wawili. Binti waliolewa mbali, akawa anaingia peke yake. Mzee alimpa namba kumi na nne kila mara, naye alilikataa kila mara.

"Wewe mzee, mimi nabotea hapa? Hii msitu ilikuwa ya babu yangu kabla wewe fae buti."

"Vaa, mama."

"Na ile mashua yako, lini utabanda? Mtu ya ziwa anaogoba ziwa! Wallahi, wewe ulizaliwa kwa birika."

"Siogopi. Sina shughuli huko."

"Haya. Siku mimi nakufa maji, wewe simama hapo, niimbie wimbo."

Mzee hakucheka mbele yake. Alisubiri apotelee njiani, ndipo mabega yakatikisika. Nilihesabu: mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa asubuhi, ndizo siku alizokula kabla chakula hakijakauka.

Ilikuwa Jumanne. Mama wa Mikeka alikuwa ndani. Malori ya askari yalipita upande wa juu kwenda kwenye makazi ya watu wake, kukusanya watu na kuwapeleka kwenye vijiji vya kulindwa, wakae ndani ya seng'enge mahali pamoja, wasiwape shifta maziwa. Milio ya bunduki ilisikika, haikuwa mingi. Jioni misumari ishirini na minane ilikuwa imejaa, na la kwanza lilikuwa bado shingoni mwake. Wa kumi na nne ulikuwa mtupu. Mzee hakufunga lango.

Nilifika kesho yake nikamkuta amesimama ukingoni mwa ziwa, buti zake ndani ya maji. Hilo peke yake lilitosha kuniambia mambo yameharibika. Nyuma yake, chini ya mkoma, mzigo wa makuti ulikuwa umefungwa vizuri, tayari kubebwa. Mashua ya pili haikuwepo.

"Bwana Sufuria, unajua kupiga kasia?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Ingia."

Mtu aliyewafundisha makarani wote wa Garissa! Tulizunguka pale pale mara tatu, nikahakikisha, kweli mara tatu, kabla mashua haijakubali kwenda mbele. Alishika kingo kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na kwa macho yale yaliyofumbwa aliita, "Mama wa Mikeka! Mama wa Mikeka!" Kima walimjibu. Sikutazama mamba wako wangapi.

Mashua ya pili tuliikuta ng'ambo, imenasa kwenye matete, na kasia moja. Mzee akashuka akainama. Viboko walikuwa wamepita hapo usiku, matope yamevurugwa yote. Yule msoma nyayo aliutazama udongo ule muda mrefu, akaushika kwa vidole, akajifuta kwenye buti. Tuliporudi, tukiivuta mashua hiyo, alikwenda kusimama mbele ya ubao.

"Labda alivuka akawakuta watu wake," nikamwambia.

"Labda haiangikwi kwenye msumari."

Akaacha lango wazi, siku hiyo na nyingine zilizofuata. Alihamisha kitanda chake cha kamba akakiweka pale pale kwenye uwazi. Nilimweleza kama mtu mzima anavyoelezwa: shifta wataingia hapa, na wasipoingia, askari watasema umewafungulia. Alisema ndiyo, ndiyo, kisha akapiga reki.

Hapo ndipo barua ilipofika. Miaka minne alikuwa ameomba uhamisho wa kurudi kwao. Mkewe alikuwa amejenga nyumba ambayo yeye hajauona mlango wake. Sasa amekubaliwa kwenda kutunza miche karibu na nyumbani, na Bustani ya Ziwa inafungwa. Afisa yule wa usalama alileta fomu ya kukabidhi. Mashua: mbili. Makasia: matatu. Chini kabisa: watu waliobaki ndani.

"Andika hakuna, utie sahihi," afisa akasema. "Lori lako linaondoka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, atakayekutwa msituni humu si mgeni wa mtu. Atapigwa risasi."

"Kuna mmoja."

"Nani?"

"Kumi na nne."

Afisa akanitazama mimi, nami nikatazama ndege. Alimwambia mzee kwamba mwisho wa mwezi ukimkuta hapo, naye atahesabiwa pamoja na hao wa msituni. Hakusema kwa ukali. Nadhani alimhurumia, na huruma ya mtu mwenye bunduki hutia hofu zaidi.

Sasa nitaeleza kosa langu. Mimi ni mtu wa soko. Mteja akikosa mfuniko wa sufuria yake, unamtafutia wa sufuria nyingine unaofanana. Niliokota koma, tunda la mkoma, nikalitafuna, meno yakaniuma siku mbili. Nikalitoboa, nikalifunga kamba kuukuu, nikaiba rangi ya mashua, nikaandika kumi na nne kwa mwandiko wake. Nikampelekea. Nikasema nimempata mama sokoni, mzima, anakusalimu.

Alilipima mkononi. Alilinusa. Halafu hakuliangika, aliliweka ukutani, pale alipokiweka kikombe changu siku ile ya kwanza.

"Hili halijawahi kutoka mkononi mwangu," akasema. "Bwana Sufuria, wewe ni mtu mwema. Lakini sasa hata ukiniletea habari ya kweli, nitaijuaje?"

Nilirudi mjini kwa mwendo wa saa moja na nusu ambao siku hiyo ulikuwa mrefu mara mbili.

Zilibaki siku tisa. Nilipata nafasi kwenye msafara wa malori yaliyolindwa kwenda kusini, njia ya Ijara, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikwenda kuuza, ingawa vyombo nilivibeba ili nionekane nina akili. Katika kila kijiji cha seng'enge niliuliza habari za mama mfupi mwenye ulimi. Kotile, siku ya tatu, nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anamwambia askari wa lango kwamba kofia yake imemkaa kama nyumba juu ya kuku.

Kokwa lilikuwa shingoni mwake, ndani ya shuka.

Alikuwa amesikia bunduki, akaona malori upande wa juu, akaruka kwenye mashua akasukuma kwa kasia moja. Ng'ambo alitembea hadi alipokutana na lori jingine. Hayo tu. Watu wake wengine walikuwa humo humo, wengine hawakuwa, na hao hakuwataja.

"Mama, nipe hilo kokwa nimpelekee mzee," nikasema. "Nitakupa sufuria hii kubwa."

"Habana."

"Mbili. Na mabakuli."

"Wewe mtu ya sufuria, fungasha fitu fyako." Akalishika kokwa kwa kiganja. "Hapa wananihesabu asubuhi, wananihesabu jioni. Mimi, mbuzi, mimi tena. Unajua kwa nini? Nisitoke. Yule mzee ananihesabu nitoke. Duniani kote mtu ya kunihesabu hifyo ni mmoja, na wewe unataka nimuuze kwa bakuli?"

Nikaweka sufuria chini. Nikamweleza kila kitu: barua, fomu, kitanda langoni, mwisho wa mwezi. Nikamweleza na kokwa langu la uongo, kwamba sasa neno langu halinunuliki, ndiyo maana nataka lile lenyewe. Alicheka kwa hilo. Nilipomweleza jinsi tulivyozunguka mara tatu, mzee amefumba macho anamwita, aliacha kucheka.

"Yule? Alibanda mashua?"

"Alipanda."

"Na hiyo maji yote?"

"Na maji yote, mama."

Kisha akalivua kokwa kichwani, akanipa. Nikasukuma sufuria kwake, akairudisha kwa mguu, polepole, kama anavyorudishwa mwana-mbuzi aliyeingia nyumbani.

Nilifika ziwani zikiwa zimebaki siku mbili. Mzee alikuwa amekonda na njia zimepigwa reki. Nilimpa tu kokwa. Alilipima. Alilinusa, nami nilijua anachokinusa: moshi, maziwa ya ngamia. Akaliangika kwenye msumari, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile akakaa chini.

"Yuko wapi?"

"Kotile. Kijiji cha seng'enge."

"Anaweza kutoka?"

"Kwa kibali."

"Na kibali kinatolewa?"

"Sijaona aliyepewa."

Alitazama ubao. Akainuka, akaliondoa tena msumarini.

"Basi hajatoka."

"Msitu wako ametoka, mzee. Fomu inauliza msitu tu."

Alikubali hilo. Alikuwa mtu wa haki. Alichukua fomu, akaandika *hakuna* kwa herufi kubwa, akatia sahihi. Halafu akanishika mkono, akanifungia kokwa ndani ya kiganja.

"Mrudishie. Huku amekwisha kutoka. Huko bado."

Siku ya lori alipiga reki kwa mara ya mwisho, akirudi kinyumenyume kutoka ziwani hadi langoni, akifuta nyayo zake mwenyewe. Akaliangika kokwa lake, namba moja. Akafunga kufuli. Makokwa ishirini na tisa. Nilihesabu mara mbili, na yeye aliningoja nimalize. Akapanda lori akiwa ameshika kikombe changu cha bati, ambacho hadi leo sijasikia kwamba kimevuja. Hatukuonana tena.

Wafanyabiashara wengi wa bara waliondoka Garissa mwaka huo. Mjomba aliniandikia mara mbili nirudi. Lakini kwanza nilikuwa na safari ya Kotile.

Mama wa Mikeka alilipokea kokwa bila mshangao, akalivaa.

"Amekwenda kwao?"

"Amekwenda."

"Fizuri. Ana mke." Akatazama seng'enge, askari, mbuzi wanaohesabiwa. "Basi sasa langoni nani ananingoja?"

Mimi si mtu wa kujibu bei ya kwanza. Nilitazama sufuria zangu. Nikamtazama.

"Mimi nipo, mama," nikasema. Kisha nikasema tena.